Jeki Iliyogoma: Shajara ya Wiki Kumi na Moja

Wiki ya 1, Jumamosi

Naanza kuandika nikiwa nimechubuka vifundo vya mkono wa kulia. Jana jioni gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, lilizama topeni hadi ekseli ikagusa ardhi. Sikuwa na wasiwasi, maana jeki ndefu ilikuwa pale kwenye mlango wa nyuma, ilipokaa karibu miaka miwili ikinipa sura ya mtu anayejua anachokifanya. Nikaifungua, nikaweka kitako juu ya ubao, nikapeleka ulimi chini ya bampa la chuma, nikavuta mpini. Ulimi ukapanda tundu moja, ukarudi. Nikavuta tena, ukapanda, ukarudi.

Nikaipiga nyundo. Pigo la tatu ndilo lililokula vifundo. Basi nikachukua koleo, nikachimba saa moja na nusu, nikatandika matawi, na gari likatoka bila msaada wa jeki. Njia nzima ya kurudi niliisikia kule nyuma ikigonga mlango, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayedai deni.

Mradi ni huu: kuifufua, kisha kuitafutia mahali pa kukaa. Nadhani sehemu ya kwanza ndiyo ngumu.

Wiki ya 1, Jumapili

Nimeilaza juu ya turubai na kuitazama kwa utulivu kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Jeki hii haina siri. Kuna nguzo ya chuma yenye matundu kuanzia chini hadi juu. Kuna vipande viwili vinavyoipanda: kikubwa cha juu, chenye ulimi unaobeba gari, na kidogo cha chini. Kila kipande kina pini yake ya kupandia na springi ya kuisukuma pini iingie tunduni. Ukishusha mpini, pini ya chini inashika uzito na kipande cha juu kinapanda hadi tundu linalofuata. Ukiuinua mpini, pini ya juu inapokea uzito na kipande cha chini kinafuata. Zinapokezana kama watu wawili wanaopanda ngazi wakiwa wamebeba kabati. Pini moja tu ikichelewa kuingia tunduni, kabati linarudi chini.

Wengi huiita jeki yoyote ya namna hii Hi-Lift, ingawa hilo ni jina la bidhaa ya kiwanda cha Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani, kinachohesabu historia ya jeki hiyo tangu 1905. Zaidi ya miaka mia, na umbo lake halijabadilika sana. Urefu wa kawaida ni inchi 36, 42, 48 na 60. Yangu ni ya inchi 48, yaani sentimita 122, na ina uzito wa kilo 13 hivi. Kibandiko chake, au kilichobaki cha kibandiko, kinasema uwezo ni pauni 4,660, sawa na kilo 2,114.

Nimebonyeza pini ya chini kwa bisibisi. Imeingia ndani na haikutoka. Ya juu imetoka polepole, kama konokono. Sasa najua kilichotokea jana. Pia najua kwamba ingekuwa mbaya zaidi kama ingefanya kazi nusu: ipande matundu kumi, inyanyue gari, halafu pini igome. Kugoma kwenye tundu la kwanza ilikuwa huruma.

Wiki ya 2, Jumatatu

Nimefungua kila kinachofunguka. Nilipiga picha kila hatua kwa simu, na naomba mtu yeyote atakayefuata njia hii afanye hivyo, kwa sababu zile springi mbili na vijipini vya kukingama vinafanana kwenye sinia kuliko unavyodhani.

Mhalifu nimemkuta, naye ni mimi. Mwaka juzi niliipaka jeki grisi. Grisi nzito, ya beringi, tena kwa ukarimu. Vumbi la nyuma ya gari likaja likanasa humo, mvua ikaongeza maji, jua likaukausha mchanganyiko wote. Ndani ya matundu ya pini nimechokonoa kitu chenye rangi ya kahawa na ugumu wa udongo wa kufinyangia. Ukikisugua kati ya vidole kinakwaruza kama msasa. Kwa miaka miwili nilikuwa nimebeba jeki iliyojaa msasa.

Vipande vyote vimelala kwenye beseni la mafuta ya taa. Kesho.

Wiki ya 2, Jumatano

Mafuta ya taa yamefanya kazi. Brashi ya waya wa shaba ilitosha kwa pini na vipande, na kwa matundu ya nguzo nilitumia brashi ndogo ya kuoshea chupa. Nguzo ilikuwa na kutu ya juujuu, nikaisugua kwa msasa laini. Sikuthubutu kutumia grainda. Chuma hiki kimepitishwa kwenye moto kwa kipimo kiwandani, nami sitaki kukichoma moto wa pili au kukipunguza unene. Kwa sababu hiyohiyo hakuna kuchomelea wala kutoboa chochote kwenye jeki, hata kama tundu la ziada lingerahisisha kuifunga.

Kisha ukaguzi. Nguzo nimeilinganisha na bomba la mraba lililonyooka. Ingekuwa imepinda, mradi ungeishia hapa, kwa sababu nguzo iliyopinda hainyooshwi, inatupwa. Imenyooka. Matundu bado ni ya duara, hayajavutika kuwa yai. Ulimi hauna ufa: niliupaka mafuta mepesi, nikaufuta, nikapaka chokaa ya ubaoni nikingoja mstari wa mafuta ujitokeze. Haukutokea. Njia hiyo si ya maabara, lakini ni bora kuliko kukodoa macho.

Pini ya chini imelika upande mmoja, ina bonde unalolisikia kwa ukucha. Springi moja imechoka: ukiziweka wima pamoja, ile ya chini ni fupi. Nimeagiza seti ya matengenezo yenye pini zote mbili, springi mbili, vijipini na boliti ya kukatika. Nabadilisha jozi, sibadilishi moja. Pini mpya ikifanya kazi na pini kuukuu, mmoja atachoka kumsubiri mwenzake.

Hiyo boliti ya kukatika mimi naiita boliti ya kujitoa mhanga. Inaunganisha tundu la mpini na mitambo ya kupandisha, na imetengenezwa laini makusudi ili mzigo ukizidi sana, karibu na kilo 3,175, ikatike yenyewe kabla ya kitu kikubwa kuvunjika. Ikikatika, mpini hauna nguvu tena lakini mzigo unabaki umeshikwa na pini. Nilipoitoa yangu nikakuta si ya asili. Mtu aliweka boliti ngumu ya kawaida, ile yenye namba 8.8 kichwani. Nimejaribu kumkumbuka huyo mtu, na ushahidi wote unanielekea mimi.

Wiki ya 3, Jumamosi

Nikisubiri vipuri, nimefanya jaribio la kitoto. Wiki iliyopita nilitundika misumari minne nyuma ya gari, kila mmoja na mafuta yake: grisi, oili ya injini, mafuta ya cherehani, na nta ya maji ya kupaka mnyororo wa baiskeli, inayokauka na kuacha utando. Nikaendesha kama kawaida siku saba, nyingi kwenye vumbi.

Msumari wa grisi umeota ndevu. Wa oili umekuwa mweusi na vumbi limeshikana nao kama unga. Wa cherehani una vumbi jembamba linalofutika kwa kidole. Wa nta ni karibu msafi, ila umeanza doa la kutu kwenye kichwa, mahali ambapo utando haukufika vizuri.

Kwa hiyo: nta kwenye pini na matundu yake, mafuta ya cherehani kwenye maungio ya mpini na komeo la kuchagua kupanda au kushuka, grisi hapana. Anayeihifadhi jeki yake kwenye sanduku lisilopitisha vumbi anaweza kuwa na jibu jingine. Mimi sina sanduku hilo.

Vipuri vimefika mchana. Nimeziunganisha pini na springi kwa kufuata picha za simu. Nguzo nimeipaka praima na rangi koti moja jembamba, nikiwa nimeziba kila tundu kwa kipande cha karatasi kilichosokotwa. Kazi ya kuchosha kupita kiasi, lakini rangi ikiingia tunduni inapunguza nafasi ya pini, na tunarudi kulekule kwa juzi. Pini zenyewe hazipakwi rangi kabisa.

Wiki ya 3, Jumapili

Jaribio la kwanza, bila mzigo. Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na mitatu na masikio ya popo, alikaa pembeni. Nikashusha mpini, nikaupandisha.

"Mjomba, mbona inalia mara moja tu?"

Alikuwa sahihi. Pigo moja zima linatakiwa kutoa mlio mara mbili: tik ukishusha, tik ukipandisha. Kila mlio ni pini iliyozama tunduni. Nilikuwa nimeiweka springi ya chini kinyumenyume. Nikafungua, nikageuza. Tik, tik. Tangu leo hicho ndicho kipimo changu cha haraka kabla ya kupakia uzito wowote, nacho ni cha mpwa.

Kushuka bila mzigo ni jambo jingine linaloshangaza wageni wa jeki hii. Ukishusha komeo la kugeuzia bila kitu juu ya ulimi, mitambo yote inaporomoka hadi kitakoni. Si ubovu. Inahitaji angalau kilo 68 hivi juu yake ili iteremke tundu kwa tundu. Kwa hiyo vidole viwe mbali, na usiitumie kwa vitu vyepesi.

Kisha mzigo. Sakafu tambarare na ngumu, gia imeingia, breki ya mkono imevutwa, kabari kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma. Mpwa nikamwondoa hatua kumi. Nikapandisha bampa la nyuma mpaka gurudumu likaacha ardhi kwa upana wa kiganja, nikaweka stendi chini ya ekseli, kwa sababu jeki hii imesimama juu ya mguu mmoja mwembamba na hakuna mtu wa kwangu atakayeingiza hata mkono chini ya gari lililobebwa nayo peke yake.

Kushusha ndiko kunakovunja mataya. Wakati wa kupandisha, wewe ndiye unayeusukuma mpini. Wakati wa kushusha, uzito wa gari ndio unaousukuma mpini juu, na ukiuachia katikati ya safari unapiga kama kwato la punda. Utaratibu ninaoufuata: mpini usimame wima ukigusana na nguzo kabla sijaligusa komeo, mikono yote miwili, mikono mikavu, kichwa nje ya njia kati ya mpini na nguzo. Na sishindani nao. Ukinitoka, nauacha na kurudi nyuma, sijaribu kuudaka.

Ulimi umeteremka tundu kwa tundu bila kusita. Jeki ni nzima. Wiki tatu. Nilidhani nimemaliza sehemu ngumu.

Wiki ya 4, Jumatano

Iko sakafuni, safi, na sitaki kuirudisha kwenye mlango wa nyuma.

Nimekuwa nikitazama kioo cha nyuma ninapoendesha kwenye vumbi. Gari likipita linaacha nafasi tupu nyuma yake, hewa inarudi kujaza nafasi hiyo kwa kuzunguka, na vumbi lote lililorushwa na magurudumu linavutwa na kupakwa mlangoni. Hakuna mahali pachafu zaidi kwenye gari zima. Ni hapo nilipoutundika mtambo unaotegemea pini mbili zenye nafasi ya nywele. Tena mlango huohuo umebeba gurudumu la akiba. Bawaba zake zimeanza kulegea, ukiufungua unauona ukishuka kidogo, na zile kilo 13 zilizoongezwa nje kabisa, mbali na bawaba, hazikusaidia.

Juu ya boneti? Nimeona magari mengi yaliyofunga hivyo. Inaziba kona ya jicho, bati la boneti halikuumbwa kubeba chuma kinachorukaruka, na sitaki hata kufikiria mtembea kwa miguu. Bampa la mbele linapigwa na tope na mawe na linaziba hewa ya rejeta.

Imebaki kwenye kerea juu ya paa, au ndani.

Wiki ya 4, Jumapili

Paa. Nimeifunga ubavuni mwa kerea kwa boliti mbili za milimita 10 zinazopita kwenye matundu ya nguzo, na kufuli dogo. Ulimi umeelekea ndani. Inapendeza. Niliweka nati zenye masikio, za kukaza kwa vidole, ili nisihitaji spana nikiwa topeni.

Wiki ya 5

Nati moja yenye masikio imeshuka nusu kwa mtikisiko. Nimeongeza washa za springi na kijipini cha usalama kwenye ncha ya kila boliti. Hakuna vumbi la kutisha huko juu, hilo nakubali. Kuna mluzi wa upepo kuanzia kilomita 70 kwa saa.

Wiki ya 6, Jumamosi

Paa limekwisha. Nitaeleza kwa sababu niliona watu wengi wenye busara wakilisifia.

Leo nililipeleka gari makusudi kwenye mtaro, likae limeegemea ubavu, kama linavyokaa mtu anapohitaji jeki kwa kweli. Upande wenye jeki ulikuwa juu. Nikapanda kwenye kizingiti chenye tope, nikanyoosha mikono, nikafungua nati ya kwanza. Nilipofungua ya pili, kilo 13 za chuma zilikuja kuelekea usoni pangu zikiongozwa na kitako, ambacho kimeunganishwa kwa kulegea na kinayumba kitakavyo. Niliikwepa. Ilitua kwenye tope na kuacha alama kwenye rangi ya mlango njiani.

Gari halinasi likiwa limesimama wima kwenye sakafu ya saruji. Linanasa limeinama, mlango mmoja haufunguki, mvua inanyesha na giza linaingia. Mahali pa jeki lazima papimwe katika hali hiyo. Nimeshangaa kwamba nilihitaji miaka miwili na wiki sita kuliona jambo hili.

Wiki ya 7, Jumapili

Ndani, basi. Hofu yangu ya ndani ni moja: ajali. Kitu kinachokwenda kilomita 50 kwa saa kina mwendo uleule wa kitu kilichoanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi. Jeki isiyofungwa nyuma ya viti, gari likisimama ghafla kwa kugonga, ni kama kuidondosha jeki kutoka ghorofa ya tatu juu ya kichwa cha aliye mbele. Kamba ya mpira yenye ndoano haitoshi hata kuichelewesha. Ikikaa ndani, ifungwe kwa boliti kwenye mwili wa gari, chini, na mzigo wa kusimama ghafla uende kwenye chuma kinene.

Nimepima sehemu ya mizigo. Ubavu wa kushoto, juu ya tumbo la gurudumu, kuna sentimita 135 toka mgongo wa kiti hadi mlango. Jeki inalala hapo vizuri, mitambo ikiwa upande wa mlangoni. Nikifungua mlango wa nyuma, mkono unaifikia bila kuhamisha begi hata moja. Kitako nimekitoa, kinashikwa na pini tu, na kitakaa peke yake sakafuni.

Fundi wa kuchomelea alinikunjia mabano mawili ya bati nene la milimita 4. Nilitoboa ubavu na kuyafunga. Kabla ya kutoboa nilivua plastiki ya ndani yote kuangalia kilicho nyuma, na hapo ndipo nilipokuta fungu la nyaya za taa za nyuma likipita sentimita mbili kutoka alama yangu ya kalamu. Alama nikaisogeza. Kila tundu nililipaka praima kabla ya boliti.

Wiki ya 8, Alhamisi

Siku nne tu. Bati la ubavu limejipinda kuzunguka boliti ya nyuma, unaliona kama kitambaa kilichovutwa. Ubavu wa gari ni bati jembamba lililoshikiliwa na umbo lake, na nimelitundikia kilo 13 zinazorukaruka. Mabano ya milimita 4 hayana maana yakifungwa kwenye bati la chini ya milimita 1. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wiki ya 8, Jumapili

Nimerudia. Bano la mbele sasa limefungwa kwenye nguzo ya bodi, chuma kilichokunjwa mara mbili kinachoshikilia pia mkanda wa kiti, ila sikugusa tundu la mkanda wenyewe. Mkanda ni wa mtu, jeki itafute pake. Bano la nyuma nimeliteremsha hadi sakafuni, pembeni ya mshipa wa chesisi, na chini ya sakafu nimeweka bamba la sentimita 10 kwa 10, unene milimita 3, ili boliti isiweze kulichomoa bati. Juu ya bamba, praima na muhuri wa silikoni maji yasipande.

Boliti za kushikilia jeki nimezivika vipande vya bomba la mpira, nguzo isisuguane chuma kwa chuma na kupoteza rangi. Nati ni zile ndefu za kushika kwa kiganja kizima, zinazofunguka hata kwa mkono wenye glavu. Nikaninginia kwenye jeki kwa uzito wangu wote. Gari lilitikisika, jeki haikutikisika.

Wiki ya 9

Kelele. Ndani ya gari kila kelele ni yako.

Mpini ndio unaolia kwanza, unapigana na nguzo kwenye kila tuta. Kuna vishikizo maalumu vya kuubana mpini kwenye nguzo, lakini nimekata pete mbili za tyubu ya baiskeli, zimefanya kazi hiyohiyo. Kibano cha juu, kile cha kwenye ncha ya nguzo, kilikuwa kimelegea, nimekikaza. Mitambo nimeisogeza hadi ikaegemea bano la nyuma, isipate nafasi ya kutelezateleza. Kitako nimekifunga pamoja na ubao.

Ubao huo una maelezo yake. Kitako ni inchi 4 kwa 7, sentimita za mraba 181 hivi. Kona ya gari yenye kilo 600 inaisukuma ardhi kwa zaidi ya kilo 3 kila sentimita ya mraba, na tope halikubali hilo, kitako kinazama kabla gari halijanyanyuka. Ubao wangu wa sentimita 35 kwa 35 unaipunguza hadi karibu nusu kilo. Nimeukatia kibonde katikati ili kitako kisiteleze.

Nilijaribu pia kuivalisha mitambo mfuko wa turubai. Baada ya siku tano nikaufungua na kukuta jasho ndani na doa la kutu kwenye kijipini. Mfuko uliofungwa pande zote unahifadhi unyevu vizuri kuliko unavyozuia vumbi. Nimekata upande wa chini wote, ubaki kama kofia.

Seti ya vipuri vilivyobaki, pini moja ya zamani isiyolika, boliti mbili za kujitoa mhanga na springi, vimo kwenye kopo lenye mfuniko wa skrubu karibu na kitako. Glavu ziko kwenye kopo hilohilo, kwa hiyo siwezi kusahau kuzivaa bila kwanza kuziona.

Wiki ya 10, Jumamosi

Mtaro uleule, gari limeinama vilevile, na safari hii nimeweka saa. Kutoka kufungua mlango hadi jeki kusimama juu ya ubao: dakika 2 na sekunde 40. Kwenye paa ilikuwa dakika 11, ukitoa muda wa kuitazama alama ya mlangoni na kunung'unika.

Tik, tik. Gurudumu likanyanyuka. Bampa nalo likapanda sana kabla gurudumu halijaondoka topeni, kwa sababu springi za gari zinajinyoosha kwanza. Kwa hiyo nimeongeza mkanda mfupi wa kufungia ekseli kwenye chesisi kabla ya kunyanyua: gari linapanda kidogo, gurudumu linapanda zaidi, na jeki inabaki fupi. Jeki ikiwa fupi inasimama imara zaidi.

Baada ya hapo usafishaji wa papo hapo: maji safi kwenye mitambo, kuikung'uta, kitambaa, na nyumbani nta kwenye pini zote mbili na kuipandisha na kuishusha nguzo nzima mara mbili. Dakika kumi. Kipimo cha jeki cha kila mwezi nimekifunga pamoja na kupima upepo wa matairi, kwa sababu hilo la matairi silisahau. Kalenda yenyewe huwa siitazami.

Wiki ya 11, Jumapili

Kelele imerudi. Ngo, ngo, ngo, upande wa kushoto nyuma, palepale.

Nimekaza mabano, pete za tyubu, kibano cha juu. Nimeitoa jeki yote, nikaiacha nyumbani, nikaendesha. Ngo, ngo, ngo. Kwa wiki kadhaa huenda nilikuwa nikiisingizia jeki. Nikamkalisha mpwa kwenye kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, jicho limefumbwa, nikapita polepole kwenye tuta moja mara sita.

"Mjomba, si huko pembeni. Ni chini ya kiti chako."

Ilikuwa spana ya magurudumu.